Ihlara au Güllüdere: bonde lipi la Kapadokia utembee kwa miguu?

Mwenye wiki nzima Kapadokia, katikati ya Uturuki, hahitaji ushauri wangu. Atayatembea mabonde yote na ataridhika. Ninamwandikia yule mwenye siku moja, au mbili akibahatika. Yuko Istanbul kwa sababu ya mzigo wa duka, masomo, matibabu au kusubiri ndege ya kuunganisha, na sasa anataka kuruka saa moja na robo hivi hadi Kayseri au Nevşehir akayaone yale mawe kwa macho yake. Akifungua simu anakutana na majina ya mabonde hata hajui aanzie wapi, na kila wakala anamwambia lake ndilo bonde.

Kwangu mimi ushindani wa kweli ni wa wawili. Kuna Ihlara, korongo refu lenye mto chini na makanisa yaliyochongwa kwenye kuta zake. Na kuna Güllüdere pamoja na pacha wake Kızılçukur, mabonde ya mawe ya rangi ya waridi na nyekundu kati ya kijiji cha Çavuşin na mji wa Ortahisar. Wengi huyauza kama kitu kimoja, "matembezi ya Kapadokia", lakini ukweli ni kwamba hayafanani hata kidogo, na aliyefuata moja akitegemea kupata lingine huondoka na manung'uniko.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtu mzima mwenye miguu imara anayetaka kuiona Kapadokia yenyewe, aende Güllüdere. Mwenye watoto au wazee, anayesafiri Julai na Agosti, na anayependa michoro ya kale kuliko mandhari, aende Ihlara. Sababu ni hizi.

Mawe yenyewe

Mamilioni ya miaka iliyopita volkeno za eneo hili zilimwaga majivu kwa wingi usio wa kawaida. Majivu yakashikana yakawa jiwe laini unaloweza kulichonga kwa sururu ya mkono, na juu yake pakakaa tabaka gumu zaidi. Mvua, theluji na upepo vikala sehemu laini. Palipobaki kipande cha jiwe gumu kama kofia, chini yake ikasimama nguzo. Aliyewahi kufika Isimila, nje kidogo ya Iringa, akaziona zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji, tayari ana picha kichwani. Tofauti ni kwamba hizi za Uturuki watu walizitoboa milango na madirisha, wakahamia ndani.

Volkeno zenyewe bado zinaonekana. Erciyes, wenye mita 3,917, unasimama upande wa Kayseri na theluji kileleni. Hasan, wenye mita 3,268, uko upande wa Aksaray, na ndio jirani wa Ihlara.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza inapoanzia. Ihlara haina zile nguzo za kofia unazoziona kwenye picha. Ni mpasuko. Unapita tambarare kavu isiyo na kitu, gari linasimama, unasogea ukingoni na ghafla ardhi inakatika mita mia moja na zaidi kwenda chini. Huko chini mto Melendiz unapita kati ya mipopla na mierebi. Mto huo ndio uliolikata korongo lote, kilomita 14 hivi kutoka kijiji cha Ihlara hadi Selime. Ukiwa chini, mawe ni kuta mbili kubwa za hudhurungi, na jicho linavutwa zaidi na maji na majani.

Güllüdere mawe ndiyo mwenye nyumba. Yamekunjamana, yana mikondo laini kama kitu kilichomiminwa, na madini ya chuma yaliyomo yameyatia rangi: njano hafifu, waridi, nyekundu ya matofali. Unatembea katikati yake, unapita kwenye vijia vilivyochongwa na maji ya mvua, mara unapenya tundu chini ya mwamba na kutokea upande wa pili kwenye shamba la mizabibu. Jua likishuka, rangi hubadilika kila baada ya dakika chache. Kama kilichokuvuta ni picha za mawe ya ajabu, hapa ndipo pako.

Waliokaa mapangoni

Jina Kapadokia msomaji wa Biblia ameshakutana nalo, katika Matendo ya Mitume na katika waraka wa kwanza wa Petro. Katika karne ya 4 Basili Mkuu alikuwa askofu wa Kaisaria, ambayo ndiyo Kayseri ya leo, na maisha ya utawa yaliota mizizi mapema katika nchi hii. Makanisa mengi ya mwambani unayoyaona ni ya baadaye, hasa kati ya karne ya 9 na ya 13. Nyumba za pangoni hazikuwa za watawa peke yao. Wakulima waliishi humo na mifugo yao, kwa sababu pango la jiwe hili huwa na ubaridi wakati wa kiangazi na vuguvugu wakati wa theluji, na kuongeza chumba kulihitaji sururu na subira tu.

Kwa michoro, Ihlara inashinda. Makanisa kadhaa yako karibu karibu chini ya ngazi za lango kuu. Ağaçaltı ni la kwanza kukutana nalo, na kuba lake lina mchoro wa Kristo akipaa, kwa rangi ambazo bado zinang'aa. Ukivuka daraja dogo la mto unafika Yılanlı, yaani la nyoka. Humo kuna mchoro wa hukumu ya mwisho na wanawake wanne wanaoadhibiwa na nyoka: mmoja anang'atwa matiti kwa kuwa hakunyonyesha watoto wake, mwingine mdomo kwa ajili ya uongo na usengenyaji, mwingine masikio kwa kutotii. Ni mchoro mkali, na ukiwa na watoto wadogo uwe tayari kwa maswali.

Lakini linalonigusa kuliko yote liko mbele zaidi, karibu na kijiji cha Belisırma, na wengi hawalifikii. Ni kanisa la Mtakatifu Georgi, Waturuki huliita Kırkdamaltı, lililochorwa kati ya 1283 na 1295. Ukutani amesimama Georgi katikati ya wafadhili wawili: bibi Tamari, anayemkabidhi mfano mdogo wa kanisa, na Basili Giagoupes, Mkristo aliyevaa kilemba na joho la Kiseljuki, la Waturuki Waislamu waliotawala hapo wakati huo. Maandishi yanamtaja sultani Masud na papo hapo kaizari Androniko wa Bizanti. Mkristo mwenye cheo katika utawala wa Waislamu, anajenga kanisa, anachorwa na kilemba chake, na anawaheshimu watawala wote wawili kwenye ukuta mmoja. Sisi tuliokulia Mombasa, Tanga au Unguja, kanisa na msikiti mtaa mmoja, tunaelewa bila kufafanuliwa. Michoro yake imechakaa, na kufika kunahitaji kupanda kidogo. Panda.

Makanisa ya Güllüdere ni machache na mengi yake hayana rangi za kutosha, lakini hupati tu kuyatazama, unayagundua. Haçlı lina msalaba mkubwa uliochongwa darini, umejaa dari lote. Ayvalı lilichorwa kati ya 913 na 920. Kolonlu ndilo lililonishika. Kwa nje huoni kanisa. Unaingia tundu la chini lenye giza, unapanda vidato, na unatokea katika ukumbi mweupe mtupu wenye nguzo nene na ndefu. Weka kiganja karibu na nguzo bila kuigusa, uangaze taa ya simu kutoka ubavuni: utaona alama za sururu, moja baada ya nyingine, zimelala upande mmoja, mstari kwa mstari hadi juu.

Halafu fikiria jambo hili. Nguzo zile hazibebi kitu. Hakuna paa lililowekwa juu yake, kwa kuwa jengo lote ni mwamba mmoja. Mchongaji angeweza kuacha ukumbi wazi bila nguzo hata moja. Alizichonga kwa kuondoa kila kisichokuwa nguzo, kwa sababu kanisa alilolijua, lile la kujengwa kwa mawe na chokaa, lilikuwa na nguzo, na alitaka lake nalo liwe kanisa kamili. Ihlara unaona kazi ya wachoraji. Hapa unaona ya wachongaji, na mimi hii ya pili ndiyo naipenda zaidi.

Pande zote mbili utaona pia vijidirisha vidogo juu ya miamba mirefu ambako mtu hafiki. Hizo ni nyumba za njiwa. Wakulima waliwavuta ndege kwa kupaka chokaa nyeupe na michoro myekundu kuzunguka matundu, kisha wakakusanya kinyesi chao kuwa mbolea ya mizabibu na miti ya aprikoti. Udongo wa majivu unaitaka sana mbolea hiyo.

Na jambo la kusema wazi: katika makanisa mengi nyuso za watakatifu zimekwanguliwa, na watu wameandika majina yao juu ya michoro, wengine juzi tu. Jasho la kidole linaharibu. Ukiona mwongozaji wako anaegemea ukuta wenye mchoro, mwambie aache. Güllüdere imo katika eneo la urithi wa dunia tangu 1985, na haina mlinzi wa kukusaidia kuitunza.

Njia na miguu

Ihlara ni rahisi kuliko sifa yake. Ukiingilia lango kuu kuna vidato karibu 400 vya kushuka, na hivyo ndivyo vinavyowatisha watu. Chini njia ni ya tambarare kando ya mto, imefyekwa, ina kivuli, na huwezi kupotea: maji yako upande wako muda wote. Mwenye magoti mabovu au mzee asishuke pale. Aingilie Belisırma, ambako gari linafika hadi karibu na mto, atembee kadiri anavyoweza, arudi hapo hapo. Kutoka lango kuu hadi Belisırma ni kama kilomita nne, na ndicho kipande ambacho vikundi vya ziara hutembea. Kipande cha kutoka Belisırma hadi Selime ni kirefu zaidi na kina watu wachache mno. Mwishoni kuna monasteri ya Selime, iliyochongwa juu ya mwamba: jikoni lenye dohani, mazizi na kanisa kubwa la nguzo. Kupanda kule ni kukali na kunateleza, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono.

Güllüdere inataka uangalifu. Vibao vipo hapa, havipo pale, na vijia hugawanyika bila taarifa. Pakua ramani kwenye simu kabla, kwa sababu mtandao hukatika mabondeni. Ardhi ni vumbi na changarawe laini juu ya mwamba unaoinama. Ikikauka inateleza kama imemwagwa mtama. Ikinyesha inakuwa tope linaloganda kwenye soli. Viatu vya wazi haviwezi, na raba zilizolika soli ndizo hatari kabisa. Kingo hazina vizuizi. Vyumba vingine dari zimepasuka, na ukiona ufa mpya wenye vumbi jeupe sakafuni, usiingie. Mbwa wa mitaani huweza kukufuata njia nzima kwa upole tu. Asiyetaka kuguswa nao atembee na fimbo ya kuwazuia wasisogee, bila kuwapiga.

Kwa utaratibu, naona mtu aanzie Çavuşin saa tisa au saa kumi alasiri kulingana na msimu, apande taratibu kupitia Güllüdere, asimame kwenye makanisa, amalizie juu Kızılçukur kwenye machweo. Kule juu kuna magari, watu na vibanda vya chai, na teksi hupatikana ingawa ni heri uipange mapema. Wengi hufanya kinyume: wanapelekwa juu kwa gari, wanatazama jua, kisha wanaanza kushuka giza likiingia. Giza la bondeni huja haraka, na njia uliyoiona mchana huitambui. Jingine la kujua ni kwamba jioni pikipiki za magurudumu manne huzunguka pembezoni na kutimua vumbi. Mwenye pumu atembee asubuhi, maputo ya hewa moto yanapokuwa bado angani juu ya mabonde haya.

Kufika, pesa na tumbo

Hapa Güllüdere inashinda bila ubishi. Wageni wengi hulala Göreme, na kutoka hapo hadi Çavuşin ni kama kilomita nne: kwa miguu, teksi, au basi dogo la kwenda Avanos. Kutembea bondeni hakuna tiketi. Ihlara iko kilomita 70 na zaidi kutoka Göreme. Kwa usafiri wa umma utabadilisha gari Nevşehir na Aksaray, na siku itaishia barabarani. Kwa hiyo ni ama kukodi gari ama kujiunga na ziara ya siku, ile wanayoiita ya Kijani, ambayo kwa kawaida huunganisha Ihlara na mji wa chini ya ardhi wa Derinkuyu pamoja na Selime. Ziara hiyo ni njia nzuri ya kuona mengi, ila kutembea kwenyewe kunakuwa kwa haraka, na mwongozaji atakuingiza kanisa moja au mawili. Kama umekuja kutembea, kodi gari mkiwa watatu au wanne mgawane. Bei za viingilio hupanda mara kwa mara, zitazame wiki ile ile ya safari.

Chakula nacho, Ihlara inaongoza. Belisırma kuna migahawa yenye majukwaa ya mbao juu ya mto kabisa. Unavua viatu, unakaa kwenye mito ya kukalia, maji yanapita chini yako, na unaletewa samaki wa mtoni au nyama iliyopikwa ndani ya chungu cha udongo. Kwa familia hilo peke yake linatosha kuwa sababu. Güllüdere utapata vibanda vya chai na maji ya komamanga wakati wa msimu, na nje ya msimu hupati kitu. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na zaidi wakati wa joto.

Kuhusu majira: Aprili hadi Juni mwanzoni, na Septemba hadi Oktoba, mabonde yote mawili ni mazuri. Julai na Agosti Güllüdere haina kivuli cha maana saa za mchana, na jua la nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000, linachoma hata ngozi zetu; Ihlara ina miti. Desemba hadi Februari kuna theluji, mawe yanapendeza mno, lakini vidato na miteremko ina barafu. Aliyezoea Dar asidhani sweta moja linatosha.

Zelve, kwa mwenye nusu siku

Zelve nayo ina nafasi yake. Ni mabonde matatu yaliyokutana, na watu waliishi humo mapangoni hadi 1952, miamba ilipoanza kuporomoka na wanakijiji wakahamishiwa makazi mapya karibu na hapo. Wakristo wa Kiorthodoksi wa eneo hili walikuwa wameshaondoka miaka ya 1920, kufuatia makubaliano ya 1923 ya kubadilishana watu kati ya Uturuki na Ugiriki. Wengi wao walikuwa wakizungumza Kituruki majumbani, wakapelekwa nchi wasiyoijua lugha yake. Zelve kuna makanisa na kuna msikiti uliochongwa mwambani, kuna kinu cha kusagia nafaka, na kuna masizi ya moto wa kupikia ambayo bado yako darini. Aliyeuliza "hivi watu waliishije humu?" hatapata jibu zuri zaidi kwingine. Njia ni fupi, ina tiketi, na jirani yake ni Paşabağ, penye zile nguzo za kofia. Basi dogo la Ürgüp na Avanos hupita huko.

Mengine kwa ufupi. Bağlıdere ina nguzo ndefu na picha nzuri, lakini hakuna makazi ya kusimamisha mtu. Güvercinlik ni matembezi mepesi ya kama kilomita nne kutoka Göreme hadi ngome ya Uçhisar, yanafaa siku ya kuwasili, mizigo ikiwa hotelini. Soğanlı iko mbali na haina wageni wengi. Ni ya anayerudi Kapadokia kwa mara nyingine.

Mwenye siku mbili aipe Ihlara siku nzima ya peke yake. Siku ya kwanza asubuhi Zelve na Paşabağ, apumzike mchana, alasiri Güllüdere kuelekea Kızılçukur. Siku ya pili aondoke na gari saa moja asubuhi kwenda Ihlara, ashuke lango kuu kabla mabasi ya ziara hayajafika, ale Belisırma mchana, apande Kırkdamaltı, kisha dereva amchukue hapo hapo au ampokee Selime kama miguu bado inataka.